Simu ya Chumba cha Kujifungulia

Nilitoka Singida asubuhi nikiwa na begi la vifaa, blanketi, na sababu ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri. Kazi niliyokuwa nayo haikuwa mbaya. Nilikuwa nafunga intaneti kwenye maduka na shule, nalala pazuri, na mama ntilie wa jirani alishajua kwamba sili bamia. Lakini mimi nikikaa mji mmoja kwa muda naanza kuuota ule niliotoka, na nikirudi huko nakuta si ule tena. Kwa hiyo mtu niliyewahi kufanya naye kazi Songea aliponipigia na kusema kuna hospitali Sumbawanga inatafuta fundi wa mtandao, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Wenzangu walicheka. Mmoja alinionya nisigombane na mtu huko, nisije nikatumiwa radi ya kichawi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanda minara, radi yenyewe haitapata tabu ya kunitafuta. Nilicheka nao, kisha nikaikumbuka kauli hiyo njia nzima.

Tulipita Dodoma, tukapita Iringa, nikalala Mbeya. Kesho yake Tunduma, basi lilikaa sana katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Tulipochomoka pale malori yote yakabaki nyuma, na barabara ikawa yetu peke yetu. Nje kulikuwa na nyasi, mahindi, ulezi, na upepo uliokuwa unalilaza kila kitu upande mmoja. Miti ilikuwa michache kiasi kwamba kila mti ulionekana umewekwa pale kwa makusudi. Mimi nilikuwa najua tunakwenda upande wa ziwa, kwa hiyo nilikaa nikisubiri tuanze kuteremka na joto lije. Hatukuteremka. Nilishuka Sumbawanga natetemeka, nikamuuliza kondakta ziwa liko wapi. Alinionyesha kwa kidevu upande ambao hakukuwa na kitu isipokuwa mawingu, akasema, "Huko chini. Lakini siyo leo."

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ikisimamia vituo vya afya vichache huko chini kwenye mwambao wa ziwa, na kimoja kilikuwa katika kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Wampembe. Mkuu wa kituo hicho alikuwa muuguzi wa makamo, mama wa Kifipa aliyekaribia kustaafu. Mama mjamzito akianza kujifungua na mambo yakaharibika, gari la kumpandisha juu lilichukua muda mrefu, na boti ya kumpeleka kituo kikubwa cha Kirando ilitegemea ziwa limeamkaje. Kilichobaki ni daktari kumwelekeza muuguzi kwa simu, neno kwa neno, mpaka gari lifike. Mtandao wa simu za mkononi pale kijijini ulikuwa wa kubahatisha. Ulipatikana juu ya mwamba mmoja karibu na maji, na huwezi kumhudumia mzazi huku umesimama juu ya mwamba. Kwa hiyo hospitali ilikuwa imefunga simu za mezani zinazopita kwenye mtandao wake yenyewe, kutoka mnara wa mjini hadi mnara ulio ukingoni mwa uwanda wa juu, na kutoka hapo kushuka ziwani.

Simu zilikuwepo, ila sauti ilikuwa inakatikakatika. Daktari, mzee wa Mbeya mwenye subira kuliko mimi, aliniambia siku ya kwanza kwamba hajali ripoti zikichelewa, hajali picha zikichelewa. "Nataka nikimwambia sista jambo alisikie lote. Na yeye akiniambia nisikie lote. Basi."

Nilielewa tatizo, au nilidhani nimelielewa. Njia ile ya hewani ilikuwa nyembamba, na kila kitu kilipita humo: ripoti za dawa, picha za vipimo, na video za mpira ambazo wafanyakazi walizifungua mchana. Sauti ya mtu kwenye mtandao hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande lazima kifike kwa wakati wake. Ripoti ikichelewa kidogo bado ni ripoti. Kipande cha sauti kikichelewa hakina kazi tena, neno limeshapita. Kinachoamua nani atangulie ni ruta, kile kisanduku kinachosimama mlangoni mwa njia na kuruhusu kimoja baada ya kingine.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Chanji, jirani na mashine ya kusaga. Pale foleni ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza: mwenye magunia akifika kwanza, kisha akatokea mama na sado moja ya ulezi, kindoo kimoja tu, mwenye magunia humpisha. Sado haichelewi. Nikajiambia ndiyo hivyo hivyo. Sauti ni sado, ripoti na video ni magunia. Nikaziwekea simu zote alama, nikaiambia ruta kila kipande chenye alama hii kitangulie, vingine visubiri.

Siku ya kwanza muuguzi alimsikia daktari vizuri kabisa, lakini daktari hakumsikia muuguzi. Nilizunguka na jambo hilo karibu wiki nzima. Nilibadilisha waya, nikabadilisha simu, nikapanda mnara huku nikitazama mawingu kuliko nilivyotazama kazi. Mwishowe nikagundua kwamba ruta hupanga foleni ya vinavyotoka mlangoni mwake tu. Mimi nilikuwa nimepanga mlango wa juu, na kwenye mlango wa chini kule ziwani kila kitu kilikuwa bado kinagombania. Nikaupanga na huo. Daktari akapiga, wakazungumza, akaniangalia akainua kidole gumba. Nilitembea hadi Chanji nikiwa na furaha ya ajabu, nikiwaza labda hapa nitakaa.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya wiki chache sauti ikaanza tena kuharibika, tena vibaya kuliko mwanzo. Zamani ilikatika pale video zilipojaa. Sasa ilikatika wakati ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimetulia, na simu zote zikawa mbovu kwa pamoja. Sikuelewa. Ruta ilikuwa inafanya nilichoiambia, nilikagua mara nyingi hadi nikaanza kujikagua mwenyewe. Nilimwambia daktari ni mvua. Mvua ilipokatika nikamwambia ni upepo. Hakunibishia, na hilo lilinisumbua zaidi.

Asubuhi zote hizo nilikuwa napita mapokezi ya hospitali, na kwenye benchi pale walikaa watu. Nilikuwa nawasalimia, shikamoo kwa wazee, habari kwa wengine. Walionekana wazima wa afya. Nilidhani wanasubiri majibu ya vipimo vya ndugu zao. Wakati mwingine simu ya mapokezi iliita, mmoja akaitwa, akaongea kwa muda mrefu akiwa amechuchumaa, huku mwenye zamu akimshikia kipokeo sikioni ili yeye apate mikono yake yote miwili na kupiga makofi ya polepole. Niliona jambo hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja, nikapita nikaenda kutafuta ubovu mnarani.

Nilishuka ziwani na gari la dawa. Kutoka Namanyere barabara inafika mahali ambapo uwanda unakwisha ghafla, na mtu analiona ziwa chini ya miguu yake kama halihusiani na alikotoka. Joto likaja kona moja baada ya nyingine. Hewa ilikuwa ya samaki, na nje ya kituo cha afya palikuwa na watu wengi wamekaa kivulini mwa ukuta, wengine wakiwa na vitenge mabegani.

Nilimkuta muuguzi ndani anaosha mikono.

"Shikamoo, mama. Mimi ni fundi wa simu."

"Marahaba, baba. Nilidhani fundi wa simu ni mzee. Sauti yako kwenye simu ni ya mzee."

Nikamuuliza wale wagonjwa wote wa leo wana nini. Akacheka hadi akashika mlango. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanasubiri simu.

Alinieleza akiwa anaendelea na kazi zake. Pale kwao msiba hautumwi kwa meseji. Kumwandikia mtu kwamba mama yake amefariki ni kumtupia jiwe gizani. Unampigia, unamsalimu kwanza salamu zote, unapiga makofi naye anapiga, unauliza nyumbani, unauliza shamba, na yeye kwa urefu wa salamu anaanza kujua, anajikaza, ndipo unamwambia. Kabla ya mimi kuja simu ilikuwa inakatikakatika, hivyo watu walikuwa hawaitaki. Ilipokuwa safi, mfiwa mmoja aliomba. Muuguzi akampa. Wa pili akaomba. Kituo kilikuwa na simu tano, na siku za misiba zote tano zilikuwa na mtu amechuchumaa. Habari ilifika Chanji, na ndugu walioko mjini wakaanza kukaa kwenye lile benchi la mapokezi ili wapigiwe. Baadaye walikuja wenye wagonjwa, wakaja na wauza dagaa wachache waliojifanya wafiwa.

"Yule pale mwenye kofia," alisema, "ameshafiwa na shangazi watatu mwezi huu, na wote wanauliza bei ya dagaa."

Nikaelewa. Njia yangu ya sauti ilikuwa imejaa sauti. Vipande vyote vilikuwa na alama, vyote vilikuwa wa kwanza, kwa hiyo vilikanyagana. Nilikuwa nimekaa jirani na mashine ya kusaga muda wote ule na sikuwahi kujiuliza ingekuwaje siku ambayo kila mtu angekuja na sado.

Kisha akaniambia jambo la wiki iliyotangulia, bila kubadilisha sauti. Mama mmoja alikuwa anatoka damu baada ya kujifungua. Muuguzi alimpigia daktari kutoka kwenye simu ya chumba cha kujifungulia, wakati huo nje kuna misiba miwili. Nusu ya maneno ya daktari hayakufika. Alijaribu, akajaribu tena, kisha akaweka simu chini akafanya kwa kadiri alivyojua. Mama yule alipona.

"Alipona," alirudia. "Lakini siyo kwa sababu yako wala yangu."

Nikamwambia dawa ni rahisi: awakataze watu simu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na viatu jikoni. Alisema yeye anaishi pale. Akimfukuza mfiwa leo, kesho mke wa mfiwa yule hataletwa kujifungulia kituoni, atazalia nyumbani, na yeye ndiye atakayeitwa mambo yakiwa yameshaharibika. "Mimi siwezi kumwambia mfiwa arudi nyumbani. Mashine yako inaweza. Mashine haina ndugu hapa."

Ndivyo tulivyofanya. Simu moja tu, ile ya chumba cha kujifungulia, ilibaki na alama ya kutangulia. Nyingine nne nikaziondolea, zikarudi nyuma kuchanganyika na ripoti na video. Hakukatazwa mtu. Aliyetaka kupiga alipiga, na sauti yake ikapita ikipata nafasi. Kabla sijaondoka muuguzi alimpigia daktari kuijaribu, na huku nje watu wakiendelea na simu zao, sauti ya mzee yule ilikuja safi kana kwamba yuko chumba cha pili. Muuguzi alisema tu, "Haya." Nilipotoka, watu wa kivulini walinisalimu vizuri sana, na mimi nikashindwa kuwatazama usoni.

Miezi iliyofuata simu ile ilifanya kazi. Daktari aliniambia ameitumia kuwaelekeza akina mama kadhaa, na hakuna neno lililopotea. Nilipaswa kuridhika. Badala yake nilianza kuota Singida, tena siyo watu wake, bali ukuta mmoja tu wa duka niliokuwa nikipita nikienda kazini. Sijui ukuta huo ulinitaka nini.

Siku moja mchana mtu alinifuata kwenye uwanja wa hospitali. Alikuwa wa rika langu, seremala wa Chanji, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Alinisalimu kwa urefu, akauliza nyumbani kwetu, nikamjibu hawajambo, ingawa nilikuwa sijawapigia siku nyingi. Kisha akasema mama yake alifariki kule ziwani. Kaka yake alimpigia pale mapokezi. Alizisikia salamu, akasikia makofi, halafu sauti ikawa vipande vipande. Kaka akaanza upya salamu, maana huwezi kurukia katikati. Zikakatika tena. Wakaachana wakitumaini kesho. Mtu aliyepanda na gari kutoka ziwani ndiye aliyemwambia, na yeye alipofika chini mama alikuwa amezikwa.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayeipanga ile mashine," alisema.

"Ndiyo."

"Ilijuaje kwamba habari ya mama yangu siyo ya haraka?"

Nilimweleza kwamba mashine haijui habari. Haisikii maneno. Inaangalia tu simu imepigwa kutoka chumba gani.

Akafikiri. "Kwa hiyo kaka angepiga kutoka chumba cha kujifungulia, ningezika."

"Ndiyo."

"Hata angekuwa anauliza bei ya dagaa."

"Ndiyo, ndugu yangu. Hata dagaa."

Alicheka, kidogo, na mimi nikacheka. Nikamwambia ninaweza kujaribu kuongeza nafasi ya pili mbele, ya wafiwa, simu moja kwa wakati. Hilo nilikuwa nimelifikiria zamani. Kiangazi lingewezekana. Masika mvua ikinyesha ukingoni, njia ile hupungua upana, na nafasi mbili zikiwa na watu zote mbili zingekatika. Nilimweleza hayo yote. Aliuliza atakayekosa siku hiyo ni nani. Nikasema mzazi, au mfiwa, au wote.

Alikung'uta vumbi kwenye mikono yake. "Iache," alisema. "Lakini usiniambie kwamba ni vizuri."

Sikumwambia. Aliondoka, na siku chache baadaye nikasikia ameshuka tena ziwani kwa ajili ya kumaliza matanga. Muuguzi ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, kwa simu, akiwa na haraka kama kawaida. Seremala alikaa na wale wa kivulini nje ya kituo, akawaambia yaliyompata. Kisha akawaomba wapige mmoja mmoja, wala siyo wote watano kwa pamoja, maana simu moja ikiwa peke yake nyuma ya ripoti bado inasikika. Muuguzi asingeweza kuomba hivyo, na daktari wala mimi tusingesikilizwa. Yeye alikuwa amekosa kumzika mama yake, hakuna aliyeweza kumwambia hajui uchungu. Walimsikia. Wenye shangazi wa dagaa ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka.

Akawaomba na jambo lingine. Hilo nililisikia mwenyewe, pale mapokezi, nikiwa nasubiri ufunguo wa chumba cha mitambo. Simu iliita, mama mmoja wa makamo akaitwa kutoka kwenye benchi, akachuchumaa, akaweka mikono tayari kwa makofi. Mwenye zamu akamsogezea kipokeo sikioni. Sauti ya kule chini ilikuwa kubwa kiasi kwamba na mimi niliisikia. Haikusalimu. Ilitaja jina, ikasema amefariki jana, anazikwa kesho. Kisha ndipo salamu zikaanza, na makofi.

Mikono ya yule mama ilikuwa bado hewani. Hakujua aipige au aishushe. Aliipiga, taratibu, machozi yakiwa yameshafika shingoni, akijibu kwamba nyumbani hawajambo na shambani mvua ipo.

Nilichukua ufunguo nikaenda kukaa katikati ya mitambo. Ujumbe ulikuwa umefika. Mtu angewahi mazishi. Kule chini, chumba cha kujifungulia kilikuwa na njia yake. Sikuona kosa mahali popote, na bado nilijisikia kama niliyehamisha mlango wa nyumba ya watu, nikawaacha wanaingilia dirishani wakinishukuru. Nilitaka kumuuliza mtu kama zamani ilikuwa bora. Lakini zamani hiyo mimi sikuwepo. Nilikuwa naikumbuka kwa niaba ya wengine.

Mkataba wangu ulipokwisha daktari aliniomba nibaki. Nilisema nitafikiri, na wote wawili tulijua maana yake. Nilimfundisha kijana wa stoo kuangalia ruta na kutoigusa alama ya ile simu moja hata aambiwe na nani. Nikafunga begi. Blanketi nilimwachia mwenye nyumba wa Chanji, ambaye alisema huko ninakokwenda nitalijutia, nami sikuwa hata nimeamua ninakokwenda. Nilikuwa nimekata tiketi hadi Mbeya tu.

Asubuhi ya kuondoka nilipita hospitali kumuaga muuguzi. Nilinyanyua simu ya daktari na kupiga chumba cha kujifungulia, kwa sababu ndiyo simu niliyokuwa na uhakika nayo. Iliita kidogo tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Fundi. Nimekuja kukuaga. Leo nao—"

Nyuma yake nilimsikia mwanamke analia kwa pumzi fupi fupi, na chombo cha bati kikianguka sakafuni. Kila kitu kilikuja safi, hata maji yanayomiminwa.

"Fundi, ninaye mtu kitandani," alisema. "Niachie laini. Nimpigie Dokta."

Niliweka simu chini. Kabla mkono wangu haujaiachia vizuri iliita tena, na daktari aliyekuwa amesimama nyuma yangu akanyoosha mkono juu ya bega langu akaichukua. Nilimpisha kwenye kiti. Alikaa akiwa ameshaanza kuuliza maswali, na hakuniangalia tena.

Nilisubiri kidogo mlangoni. Sikujua kama muuguzi alisikia kwamba ninaondoka. Kisha nikabeba begi nikaenda stendi, na basi la Mbeya lilikuwa limeshawasha injini.